Ulimi wa Chemutai

“Kogo, toa ulimi,” Chemutai alisema.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na familia ilikuwa imekusanyika nyumbani kwa nyanya, ambaye wajukuu wote walimwita Kogo. Watu walikuwa wameshiba ugali na kuku, na kwa hivyo mtoto wa gredi ya tatu alipowaambia watoe ndimi, walizitoa. Kogo alitoa wake akajaribu kuukunja ili kingo zake mbili zikutane kwa juu. Ulimi ukabaki bapa kama ulivyokuwa. Alicheka mwenyewe mpaka akashika mbavu.

“Kogo hawezi,” Chemutai alisema, akahamia kwa Kiplangat, ndugu mkubwa wa baba yake.

Kiplangat hakuweza. Mke wake hakuweza, na wavulana wake walijaribu kwa kutumia vidole, wakaambiwa huo ni wizi. Kazi hii ya nyumbani ilitoka kwa Mwalimu Calvince, aliyefundisha somo la mazingira katika shule ya msingi karibu na Roret. Kila mtoto alitakiwa kuangalia watu wa kwao na kuona anafanana nao wapi: nywele, ndewe za masikio, ulimi. Chemutai alikuwa amekwisha kupata kwamba ndewe zake ni za mama. Ulimi ndio uliomfurahisha zaidi, kwa sababu darasani ni yeye na mtoto mwingine mmoja tu walioweza.

Baba yake, Kipngetich, alijaribu akashindwa. Mama yake, Sally, aliweka sahani chini, akafuta mdomo, akajaribu, naye akashindwa.

“Baba hawezi, mama hawezi,” Chemutai alisema. “Mimi naweza.” Akatoa wake. Ulijikunja mara moja, ukawa kama mrija. Binamu zake walipiga makofi.

“Hebu ngoja kidogo,” Kiplangat alisema. “Mwalimu alisema hii maneno ya ulimi inatoka wapi?”

“Kwa wazazi. Vitu vyenye uhai vinafanana na wazazi wao. Ndama anafanana na ng'ombe, kifaranga anafanana na kuku. Mtoto akiweza kukunja ulimi, ni lazima baba yake anaweza, ama mama yake.”

“Na kama baba hawezi na mama hawezi?”

Swali hilo mwalimu alikuwa ameliuliza darasani, na Chemutai ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. “Basi mtoto pia hawezi,” alijibu. Alisubiri kusifiwa.

“Rudia. Kogo hajasikia.”

Alirudia. Katikati ya maneno alianza kuona kwamba nyuso hazikuwa zile za mwanzo, akamaliza kwa sauti ndogo.

Kiplangat alichukua kijiti akachokonoa meno. “Mimi katika maisha yangu nimeona mtu mmoja tu akikunja ulimi namna hiyo. Yule Kepher wa kantini ya kiwanda. Alikuwa anaita watu na mluzi. Anakunja ulimi, anapuliza, unasikia mpaka ng'ambo ya mto. Shemeji, si ulifanya kazi na yeye?”

“Nilifanya,” Sally alisema. “Na watu wengine wengi walifanya.”

“Mimi nimeuliza tu.”

“Umeuliza nini, shemeji? Uliza vizuri nikujibu.”

“Kwani mimi nimesema kitu? Ni mtoto amesema. Na yeye ameambiwa na mwalimu.”

Sally alimgeukia mume wake. Wote walimgeukia. Kipngetich alikuwa na mfupa wa kuku mkononi, akiutazama kama mtu ambaye hajui ulifikaje hapo. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja, hata la matusi, na Kiplangat angenyamaza. Alirudisha mfupa kwenye sahani.

“Twende nyumbani,” alisema.

Hilo lilikuwa jibu, na kila mtu mle ndani alilisikia hivyo. Kogo peke yake alinong'ona kwamba huu ni mchezo wa watoto. Mwaka huo Kogo alitaka kugawa shamba la chai lililobaki mikononi mwake, kipande kizuri cha kando ya barabara, na Kiplangat, mwenye wavulana, hakuona sababu ya nusu yake kwenda kwa nyumba yenye msichana mmoja. Sasa alikuwa ameipata sababu, imeletwa na msichana mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata mume na mke walichuma chai mistari miwili ya jirani bila kuongea. Umande ulikuwa bado umelowesha majani, na nguo za mpira walizojifunga kiunoni zilipiga kelele kila walipopiga hatua. Sally ndiye aliyeshindwa kuvumilia kwanza.

“Baba Chemutai, niulize.”

“Nikuulize nini?”

“Ile kitu iko kwa roho yako. Usiku mzima ulikuwa unalala ukitazama ukuta. Niulize.”

Kipngetich alirusha majani kwenye kikapu cha mgongoni. “Huyo Kepher. Alikuwa nani kwako?”

“Alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Alikuwa ananikaripia nikichelewa. Alihamishwa akaenda kwao, hata sijui kama yuko hai.”

“Kwa nini watu wamkumbuke yeye?”

“Watu gani? Ni ndugu yako mmoja amemkumbuka. Mtoto ni wako. Sijawahi kujua mwanamume mwingine. Nimesema, na sitasema tena.”

“Na ulimi?”

“Sijui mambo ya ulimi.”

“Mwalimu anajua,” Kipngetich alisema, akaendelea kuchuma.

Kama angempiga, Sally angejua la kufanya. Wanawake wa pale walijua njia ya kwenda kwa chifu. Lakini hili la kujibiwa na mgongo hakuwa na mahali pa kulipeleka.

Mchana walibeba majani hadi kituo cha kununulia. Habari ilikuwa imewatangulia. Sally alipotua kikapu chake kwenye foleni ya mizani, mtu mmoja nyuma, miongoni mwa vijana waliokuwa wakingoja lori la kiwanda, alipiga mluzi mrefu. Wengine walicheka chinichini. Alipogeuka, kila mmoja alikuwa akitazama simu yake. Alipogeuka mbele, mluzi ulirudi. Karani alipima majani yake bila kuinua macho. Kipngetich alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, amekunja mikono. Alisikia miluzi yote miwili, na hasira yake yote ilimwendea mke wake.

Jioni hiyo, jua likiwa halijatua, alimwita Chemutai dirishani ambapo palikuwa na mwanga.

“Toa ulimi.”

Chemutai alitoa.

“Kunja.”

Alikunja. Baba yake aliinama akautazama kwa karibu, jinsi alivyozoea kutazama mdomo wa ndama mgonjwa. Alimshika kidevu akamgeuza upande wa pili.

“Tena.”

“Baba, nimechoka.”

“Nimesema tena.”

Sally aliingia na ndoo ya maziwa, akaona, akaiweka ndoo chini. “Mwachilie mtoto.”

“Naangalia kazi yake ya shule.”

“Mwachilie.”

Kipngetich alimwachilia. Alipanguza vidole kwenye suruali, na Chemutai aliona alivyovipanguza.

Sally alikwenda shuleni siku iliyofuata wakati wa mapumziko. Mwalimu Calvince alikuwa kijana, mgeni katika eneo hilo, mtu wa upande wa ziwa aliyepangiwa kazi huko kwenye chai na ambaye bado alilalamika kuhusu baridi. Darasa lake lilikuwa limejaa kazi za watoto: maharage yaliyooteshwa kwenye pamba, chupa za udongo na mchanga, picha za vitu vyenye uhai upande mmoja na visivyo na uhai upande mwingine. Alimkaribisha kwa furaha, akidhani amekuja kuuliza maendeleo.

“Mama Chemutai, mtoto wako ni mwerevu sana.”

“Werevu wake umeniharibia nyumba,” Sally alisema, akamweleza yote akiwa amesimama.

Mwalimu aliketi. “Lakini mimi nilifundisha sayansi tu, mama. Sikutaja familia ya mtu.”

“Sayansi yako imelala kitandani kwangu, mwalimu. Mimi nimelala pembeni.”

“Ni kitu tulifundishwa hata sisi, kidato cha nne.”

“Mimi sikuzini. Kwa hivyo ama mimi ni mwongo, ama kitabu chako kinasema uongo. Chagua.”

Mwalimu alikuwa amezoea wazazi wanaokuja kunyenyekea. Alifungua mdomo amwambie kwamba vitabu havisemi uongo, akautazama uso wake, akaufunga. “Nipe nafasi niulize,” alisema.

Alimpigia simu Dolphine, aliyesoma naye chuo na ambaye alikuwa akifundisha baiolojia katika shule ya upili mjini Kericho. Dolphine alicheka kwanza. Kisha akasikia sababu, akaacha kucheka. Alimwambia kwamba hiyo ilikuwa imani ya zamani ambayo watu waliendelea kuinakili kitabu kwa kitabu. Kuna mapacha wa kufanana kabisa, waliotoka kwenye yai moja, na mmoja anakunja ulimi na mwenzake hawezi. Kuna watoto ambao hawawezi, wakifika miaka fulani wanaweza. Hakuna mtu duniani anayeweza kumjua baba wa mtoto kwa kumtazama ulimi.

“Sasa nifanye nini?” Calvince aliuliza.

“Si uende uwaambie.”

Alikwenda Alhamisi, baada ya masomo. Bahati yake mbaya ni kwamba Kiplangat alikuwa hapo, ameketi kwenye benchi la mbele ya nyumba na ndugu yake. Sally alileta kiti akasimama mlangoni. Chemutai aliambiwa aende akachunge ndama, lakini ndama alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba tu, na kuta zilikuwa za mbao.

“Nimekuja kusema nilikosea,” Mwalimu Calvince alianza. Alieleza kuhusu mapacha. Alipoona hawaelewi, alinyosha mkono kuelekea shambani. “Mzee, hiyo chai yako, miche si ilikatwa kwa mti mama mmoja? Damu ni moja. Lakini ya huku juu na ile ya bondeni, zinakua sawa? Kuna mambo mmea unapewa na mama, na kuna mambo yanatokea yenyewe ukikua. Ulimi ni nyama. Mwingine unajifunza kukunjika, mwingine haujifunzi.”

Kipngetich alitazama bondeni. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu anayetua mzigo.

“Mwalimu,” Kiplangat alisema, “wiki iliyopita ulifundisha nini?”

“Nilifundisha kwamba—”

“Ulisema ni lazima baba anaweza au mama. Ni kweli ama si kweli ulisema?”

“Nilisema.”

“Na leo Alhamisi unasema si kweli. Jumatatu ijayo utatuambia nini? Kwamba ndama ametoka kwa kuku?”

“Nilikosea, mzee. Mtu anaweza kukosea.”

“Mama Chemutai alikuja kwako shule?”

“Alikuja.”

“Mlikuwa wangapi kwa hiyo darasa?”

Mwalimu aligundua alikokuwa akipelekwa, lakini alikuwa amechelewa. “Mzee, hayo siyo—”

“Kepher anatoka wapi? Ziwani. Na wewe unatoka wapi?” Kiplangat aliuliza kwa upole, kana kwamba anamsaidia hesabu. “Anaenda kwako Jumanne, Alhamisi unakuja hapa umebadilisha kitabu. Mnateteana. Mimi sishangai.”

“Shemeji, nyamaza,” Sally alisema.

“Hapa ni kwetu. Mimi siwezi kunyamazishwa kwetu na mtu amekuja na mtoto hajulikani.”

Mwalimu Calvince alisimama. Alimtazama Kipngetich, mwenye boma, akingoja aseme lake. Kipngetich alisema, “Mwalimu, nenda. Kesho utafundisha watoto maneno mengine.” Na mwalimu alipokuwa akishuka njia ya shambani, utelezi ukamwangusha, akainuka na matope hadi kiunoni. Hakuna aliyetoka kumsaidia. Kiplangat alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Nyuma ya ukuta wa mbao, Chemutai alikuwa ameshika kamba ya ndama. Alikuwa amesikia kila neno, na lile la mtoto asiyejulikana alilielewa kuliko yote.

Mtoto huyo alikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri hutumia alichofundishwa. Muhula uliotangulia walikuwa wamejifunza kwamba joto hubadilisha vitu. Mwalimu alileta mshumaa, mafuta ya kupikia yaliyoganda, na yai. Mshumaa uliyeyuka ukaganda tena. Mafuta yaliyeyuka yakaganda tena. Lakini yai likishachemshwa, mwalimu alisema, halirudi kuwa lilivyokuwa, hata ulifanye nini. Chemutai alilifikiria yai kutwa nzima Ijumaa. Alifikiria pia nyama, ambayo ikiwa mbichi hukunjika na ikishapikwa hukaa ilivyo.

Jumamosi asubuhi mama yake alitoka kwenda kukama. Chai ya maziwa ilikuwa ikichemka jikoni. Chemutai aliteka kikombe kutoka kwenye sufuria, mvuke ukimpiga usoni. Hakungoja. Alitoa ulimi wake bapa, kama wa baba yake, akauzamisha.

Sally alisikia sauti ambayo hakuijua. Alifikiri ni ndama.

Katika zahanati ya karibu, mhudumu alikuwa mama mtu mzima aliyevaa sweta juu ya koti jeupe. Aliutazama mdomo wa Chemutai, akaweka maji ya baridi, akatia dawa, akamwambia asifunge mdomo. Ulimi ulikuwa umevimba na ngozi ya juu imetoka. Utapona, alisema, ulimi hupona haraka, lakini siku hizi atakula uji uliopoa. Kisha akavuta kitabu cha wagonjwa.

“Jina la mtoto?”

“Chemutai,” Sally alijibu.

“Jina la baba?”

Kipngetich alikuwa amesimama kando ya mlango. Ndiye aliyembeba mtoto kutoka nyumbani, akikimbia kwenye matope, na shati lake lilikuwa na chai na damu kidogo. Sally hakujibu kwa makusudi. Alimwachia yeye.

Mhudumu aliinua kichwa. “Baba ya mtoto ni nani?”

Nje, mtu alikuwa akisukuma ndoo kwenye sakafu ya saruji. Chemutai, mdomo wazi, aligeuza macho akamtazama. Kipngetich alipitisha mkono usoni. Lilikuwa jambo la kusema kabla ya kuvuta pumzi, na yeye alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

“Ni mimi,” alisema. “Kipngetich.”

Mhudumu aliandika. Alikuwa amewaona watu wengi chumbani humo, akaweka kalamu chini. “Na huyu aliungua namna gani? Mtoto mkubwa hivi hawezi kuungua ulimi wote namna hii bila sababu.”

Chemutai ndiye aliyejibu. Alijaribu kusema, maneno yakatoka yamejaa mate na maumivu, ikabidi mhudumu ainame.

“Nataka ukae kama wa baba.”

Mhudumu alinyooka polepole. Hakuwauliza kitu kingine. Alimpa Sally dawa mkononi, akampita Kipngetich kama anayepita kiti.

Nje ya lango Sally alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa hivyo. “Nyumbani nenda wewe,” alimwambia mume wake.

“Na nyinyi?”

“Tunaenda kwa mama, Soin.”

“Mtoto ni mgonjwa. Safari ni mbali.”

“Ndiyo. Ni mbali,” Sally alisema, akavuka barabara.

Kipngetich alikaa peke yake na ng'ombe. Kogo alimtumia chakula, naye akakirudisha. Jumanne, akitoka kukata nyasi, aliona vigingi vipya vimepigiliwa kwenye chai ya kando ya barabara, vikiwa vimefungwa uzi, na Kiplangat akitazama mstari kwa jicho moja.

“Unafanya nini?”

“Napima mapema, kabla maneno haijakuwa mingi. Mke ameenda, sasa ni rahisi. Wewe utaoa mwingine, utapata watoto wako. Hii tutapanga pole pole.”

Alilisema kwa huruma ya kweli, ya mtu aliyefikia anachotaka. Kipngetich alisimama na mzigo wa nyasi kichwani. Alitafuta la kumjibu, akaona kwamba kila jibu alilokuwa nalo alipaswa kulitoa siku ya Jumapili ile. Siku iliyofuata alimwomba jirani amkamie ng'ombe, akaenda Soin.

Joto la huko chini lilimchosha. Mama mkwe wake alimpokea langoni na hakufungua lango. Alimwita Sally, akakaa karibu, akipepeta mtama.

“Mwalimu alieleza vizuri,” Kipngetich alisema kupitia fito za lango. “Nimefikiria maneno yake. Mimi nimeamini.”

“Umeamini mwalimu.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilikuambia kwa shamba, mdomo wangu huu, hukuamini. Mwalimu amekuja amekuambia, umeamini. Kesho akija mwalimu mwingine?”

Kipngetich alishika fito za lango. “Nimekuja kuchukua watu wangu.”

“Watu wako ni akina nani?”

“Wewe na mtoto.”

“Mtoto wa nani?”

“Wangu.”

“Hapa hakuna mtu ameuliza hiyo,” Sally alisema. “Mama yangu anajua. Ng'ombe wa hapa wanajua. Enda useme kule walipiga mluzi. Kwa kituo, watu wakiwa wengi, ndugu yako akiwa hapo. Usiseme mwalimu alisema. Sema wewe.”

“Sally, watu watacheka.”

“Walinicheka mimi. Ulikuwa umesimama hapo.”

“Naweza kumwona mtoto?”

“Hataki uone mdomo wake,” mama mkwe alisema, na huo ndio ulikuwa mchango wake wote. Alirudi kwenye mtama.

Siku ya majani ilipofika, Kipngetich alichuma peke yake, akabeba peke yake. Kituo kilikuwa kimejaa. Kiplangat alikuwa mbele karibu na mizani, akimsimulia mtu jambo. Kipngetich alitua kikapu. Alingoja karani amalize kupima wa kwanza, akaona kwamba akingoja zaidi hatasema.

“Sikilizeni,” alisema. Sauti ilitoka vibaya, nyembamba. Wachache waligeuka. Alirudia, na sasa ilitoka kubwa mno. “Chemutai ni mtoto wangu. Yale maneno mlisikia yalitoka kwa nyumba yetu, na mimi nilikuwa nimekaa hapo, nikanyamaza. Mke wangu hajafanya makosa. Makosa ni yangu.”

Kutoka nyuma, mtu alipiga mluzi, na vijana wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja mzee aliwaambia wana adabu ya mbuzi. Karani alisema, “Umemaliza? Leta majani, lori linakuja.”

“Ndugu yangu, umekaliwa na mke,” Kiplangat alisema, akitikisa kichwa. “Kwa nini ujiaibishe mbele ya watu?”

“Zile vigingi zitoke,” Kipngetich alisema. Aliweka mikono kwenye kamba za kikapu. “Usipotoa leo, nitatoa mimi. Na kwangu usikuje tena mpaka umwambie Sally yale unafaa kumwambia.”

“Unaniambia mimi hivyo? Kwa sababu ya mwanamke?”

“Majani,” karani alisema.

Kipngetich alipima majani yake. Hakuna aliyempa mkono. Njiani watu waliokuwa na kawaida ya kutembea naye walikuwa mbele yake au nyuma yake. Vigingi alivikuta vilivyokuwa, akaving'oa mwenyewe kimoja kimoja, uzi ukimkata vidole.

Sally hakurudi siku hiyo, wala wiki hiyo. Mwanamke yule mzee wa kituoni alikuwa na mtoto wa dada aliyeolewa Soin, na habari ilifika kabla Kipngetich hajapiga simu. “Nimesikia,” Sally alimwambia alipopiga, akakata. Alirudi shule zilipofunguliwa baada ya likizo, kwa kuwa Chemutai hakutaka kubadilisha darasa. Walipita mbele ya nyumba ya Kiplangat kukiwa kweupe, mama na mtoto, bila kusalimu na bila kuharakisha. Kogo alikuja jioni hiyo na kibuyu cha mursik, maziwa aliyokuwa ameyagandisha kwa ajili yao. Sally alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akabaki amesimama mlangoni mpaka mama mkwe wake alipoelewa na kuondoka.

Shuleni, Mwalimu Calvince aliwaambia gredi ya tatu kwamba alichowafundisha kuhusu ulimi hakikuwa kweli. Mtoto mmoja aliuliza kama na lile la yai lililochemshwa pia si kweli. Mwalimu alisema waulize kila kitu, na mwalimu mkuu, aliyekuwa amepata malalamiko ya wazazi, akamwambia asitoe tena kazi ya nyumbani inayohusu watu.

Ulimi wa Chemutai ulipona. Kama bado unakunjika, hakuna aliyejua, kwa maana hakuutoa tena mbele ya mtu. Alikula akiinamia sahani. Alimjibu baba yake alipoulizwa, kwa heshima yote, na maneno machache.

Asubuhi moja ya Jumamosi wote watatu walikuwa kwenye chai. Chemutai alikuwa mwisho wa mstari, karibu na ukingo, akichuma majani mawili na chipukizi kama alivyofundishwa, mgongo akiwa ameupa shamba.

“Chemutai,” baba yake aliita.

“Ee, baba.” Hakugeuka.

“Njoo.”

“Namaliza hapa.”

Sally aliinua kichwa kwenye mstari wake, akawatazama, akarudi kwenye majani. Kipngetich alingoja kidogo. Alifungua mdomo aite tena, kwa ile sauti aliyoitumia dirishani, akaufunga. Akavua kikapu mgongoni, akakiweka chini kwenye umande, akaanza kupenya kati ya miti ya chai kuelekea alikokuwa.